Jinsi ya kufuatilia asili ya Wayahudi bila kuchanganyikiwa

Wengi wakitaka kujua Wayahudi walitoka wapi wanaanza na Ibrahimu, sawa, ila mi nakushauri anza na jiwe. Lile la farao Merneptah, la mwaka 1208 KK hivi, lilichimbuliwa Misri 1896, limejaa majigambo ya vita alafu karibu na mwisho ndo unakuta jina Israeli. Sasa cheki alama zilizowekwa pembeni ya jina, Ashkeloni, mji wa Kanaani, imepewa alama ya nchi lakini Israeli wamechorewa mwanaume na mwanamke wamekaa, yaani hawa ni kabila tu, hawajahesabiwa kama nchi! Hapo mi nilikaa na picha yake jioni nzima.

Ukitoka hapo kariri miaka miwili, 722 KK Waashuru wanaimeza Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, 586 KK Wababeli wanachoma hekalu la Yerusalemu. Hiyo ya pili isome taratibu, maana watu wa Yuda, ule ufalme wa kusini wenye Yerusalemu (ndo jina Wayahudi lilikotoka), walibaki uhamishoni bila hekalu, wamebaki na sabato, tohara na maandiko, na wanahistoria wengi wanaona dini ilijengeka upya hapo.

Ibrahimu mrudie sasa, Mwanzo 12, ramani ya Uru na Harani, miji anayotokea kwenye simulizi, iwe pembeni.