Kibaraza cha changarawe kwa sisi wa Bukoba: anza na maji, mawe baadaye

Watu wengi wakiona picha ya kibaraza cha changarawe wanadhani kazi ni kumwaga tripu ya mawe uani afu kupanga viti. Sehemu kavu kama Dodoma pengine utaponea hapo, ila huku kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na Aprili yake mnaijua wenyewe, kwa hiyo ukimwaga tu juu ya udongo msimu mmoja unatosha, mawe yanazama chini na tope linapanda juu na hela imeshaenda. Changarawe ni sura tu, kazi yenyewe ni kuyaonyesha maji njia.

Fanya kazi hii Juni mpaka Agosti, mvua ikiwa imepungua. Ukichimba Machi shimo litajaa kabla fundi hajamaliza chai.

Kabla ya sururu kugusa ardhi angalia karo lako liko wapi, bomba la maji linapita wapi na kama kuna waya wa umeme chini. Usifunike mfuniko wa karo, siku ya kulinyonya utafukua kila kitu. Halafu angalia sakafu ya nyumba, uso wa changarawe uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi au zaidi, la sivyo matone yanayoruka yatalowesha ukuta kila siku na rangi itaanza kubabuka.

Sasa pima udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwenda chini, jaza maji, yaache yanywewe yote, jaza tena afu weka kijiti chenye alama uangalie saa. Yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi kwa saa moja, udongo wako unakunywa vizuri. Yakikaa tu yanakuangalia, basi una mfinyanzi, na hapo elewa kitu kimoja, shimo lolote utakalochimba kwenye mfinyanzi ukajaza mawe ni beseni, maji yataingia na hayatoki, utakuwa na kibaraza kizuri kwa juu na bwawa kwa chini. Mwenye udongo huo lazima aweke mtaro, hakuna njia ya mkato.

Tuseme eneo lako ni mita 4 kwa 3, mita 4 zikitoka ukutani kwenda nje. Piga vigingi, funga kamba, chimba sentimita 15, au 20 kama ni mfinyanzi ili tabaka la chini liwe nene zaidi. Toa mizizi yote, hasa ya majani ya sangari, ikibaki hata kipande itarudi. Sakafu ya shimo iwe na slopu ya kutoka kwenye nyumba, sentimita 2 kwa kila mita, yaani ukifika mwisho wa zile mita 4 umeshuka sentimita 8. Tumia mpira wa maji wa mafundi kupima, macho yanadanganya sana kwenye ardhi iliyochimbuliwa. Usizidishe slopu lakini, changarawe za mviringo zinatembea, mvua kubwa itazikusanya zote upande wa chini.

Mtaro unakaa ule upande wa chini. Upana sentimita 30, kina 40 kutoka sakafu ya shimo, tandika jiotekstaili, yaani kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, weka kokoto kidogo, laza bomba la PVC la inchi 4 lililotobolewa matundu yakiangalia chini, jaza kokoto, afu funika na kitambaa hichohicho ili udongo usiingie. Bomba nalo lishuke, sentimita 1 kwa mita inatosha. Mdomo wake uutoe kwenye kibanja, migomba itashukuru, ila usiuelekeze kwa jirani, maji ya mvua yamegombanisha watu wengi kuliko mipaka.

Jiotekstaili hiyohiyo tandika sakafu nzima, mapishano yawe sentimita 30. Ukikosa mjini agiza Mwanza ije na basi. Naona wengine wanatandika nailoni nyeusi kwa sababu ni rahisi, jamani nailoni haipitishi maji, umejitengenezea tatizo lilelile ulilokuwa unalikimbia. Viroba vilivyochanwa ni afadhali, maji yanapita kiasi, ila vinachanika mapema.

Juu ya kitambaa mwaga kokoto ya robotatu inchi iliyochekechwa, isiyo na vumbi. Hapa mafundi wengi watakubishia, watataka moramu au kokoto yenye vumbi kwa sababu inashindiliwa ikawa ngumu kama barabara, na kweli inakuwa ngumu, lakini vumbi ndo linaziba njia ya maji. Kwa mvua zetu mimi naenda na kokoto safi, sentimita 10, au 15 kama ulichimba 20, shindilia na kompakta ya kukodi au gogo zito mpaka ukikanyaga mawe hayachezi. Kwa eneo letu sentimita 10 ni ndoo 60 za lita 20, ongeza kidogo maana ikishindiliwa inapungua.

Kingo usiache, bila kingo changarawe zitahamia kwenye majani. Kabistoni za zege ni nzuri, mawe ya asili pia, tofali za kuchoma zinanyonya maji na kumomonyoka taratibu. Ukijenga na sementi acha upenyo kila baada ya mita moja upande wa chini, usije ukafunga beseni mwenyewe.

Ndo sasa changarawe. Tafuta za mviringo, milimita 6 mpaka 10, unene sentimita 5 basi. Ukizidisha unatembea kama ulevini na viti vinazama. Kwa mita zetu 12 za mraba ni ndoo 30, karibu tani moja. Zioshe kabla ya kumwaga, zinakuja na tope lake. Na usiende kuzoa ufukweni, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni, nunua kwa muuzaji mwenye kibali. Ukikosa za mviringo chukua kokoto ya nusu inchi, inashikana vizuri zaidi kwenye slopu ila miguu peku utajuta.

Halafu bati. Paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 tu linashusha lita 2,000, zikidondokea kwenye changarawe zinachimba mfereji mstari mzima. Weka gata ipeleke kwenye simtanki, na kama gata bado, chini ya ukingo wa bati panga mstari wa mawe makubwa ya ngumi.

Viti vyenye miguu myembamba vitazama tu, wekea vipande vya slabu chini ya meza. Majani toa na reki kabla hayajaoza yakawa udongo, magugu madogo ng'oa baada ya mvua. Masika ya kwanza ikipita changarawe zitakuwa zimekaa na kupungua, kwa hiyo wakati wa kununua bakiza ndoo 4 au 5 pembeni za kujazia.