Kaktasi ya Krismasi haitoi maua? Angalia taa ya baraza

Wenye kaktasi ya Krismasi hapa Kampala, kama imestawi vizuri lakini maua hamna, msikimbilie mbolea. Mmea huu asili yake ni misitu ya milimani ya Brazili, na hufunga matumba usiku ukiwa mrefu au wenye baridi. Hapa karibu na ikweta usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima. Ukiongeza taa ya baraza inayowaka hadi saa sita usiku, basi tena. Kwa wiki sita hivi, uingize chumba cha giza saa kumi na moja jioni, uutoe saa moja asubuhi, na maji upunguze. Walio Kabale wana bahati, baridi yao inawafanyia kazi hiyo bure.

Matumba yakishatokea, usihamishehamishe chungu, yatapukutika.

Halafu si kaktasi ya jangwani hii, huota juu ya miti. Jua la mchana huifanya iwe nyekundunyekundu. Udongo wangu huuchanganya na chenga za mkaa na mchanga mnene. Ukitaka mche, zungusha vipingili viwili vitatu vikatike, viache vikauke kidonda siku mbili, kisha panda.