Namna ya Kuchunguza Picha Ndogo ya Sura ya Karne ya 18

Kabla ya kutafuta jina la mchoraji, tazama kwanza alichorea juu ya nini. Picha hizi ndogo, ambazo watu wa Ulaya walizivaa shingoni au mkononi ili kumkumbuka mpendwa aliye mbali, zamani zilichorwa juu ya ngozi laini ya ndama, hadi Rosalba Carriera wa Venice alipoanza, kuelekea mwaka 1700, kupaka rangi ya maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Inamishe picha kwenye mwanga wa upande huku ukitumia lenzi ya kukuza. Weupe wa pembe huangaza kupitia rangi nyepesi ya mashavu, ndiyo maana uso huonekana kana kwamba una damu. Ukiona nukta zilizopangwa kwa utaratibu mahali pa mistari ya brashi, ujue picha hiyo imepigwa chapa.

Hamia kwenye nywele na usuli, maana hapo mkono wa mchoraji haufichiki. Richard Cosway, mchoraji Mwingereza wa picha hizi, alizichora nywele kwa mistari mirefu iliyolegea, akaweka nyuma yake anga la buluu lenye mawingu, na macho akayakuza kuliko yalivyokuwa. Kwa maoni yangu, wateja wake walilipia kusifiwa. John Smart, Mwingereza mwenzake wa wakati huohuo, hakumpendelea mtu: mikunjo ya pembeni mwa macho ameiacha ilivyo, kwa rangi iliyokolea na kulainishwa kwa subira.

Sahihi iachwe iwe ushahidi wa mwisho, kwa kuwa ni rahisi kughushi. Smart aliandika J.S. pamoja na mwaka, na alipokuwa India, kuanzia 1785 hadi 1795, aliongeza herufi I. Kwa hiyo herufi hiyo ikiambatana na mwaka 1780, itilie shaka.

Kioo kikiwa na vumbi, futa upande wa nje tu kwa kitambaa kikavu, wala usifungue fremu. Rangi imeshikwa na gundi ya mgunga, ambayo huyeyuka majini, hivyo kidole chenye jasho kinatosha kuliondoa shavu zima. Hifadhi picha gizani, kwa sababu wekundu hupauka kwanza, na mahali pasipo na unyevu unaopanda na kushuka, ambao hupinda pembe hadi ikapasuka.