Kuvuta trela na gari ya fowili: mzigo, cheni na kukwama

Fowili, yaani gari inayosukumwa na tairi zote nne, ina nguvu, trela itavutika tu, hilo halina shida. Shida ni kusimama na kukaa kwenye mstari, na hapo injini kubwa haikusaidii.

Angalia kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta kilo ngapi, na hizo kilo ni trela pamoja na kila kitu kilichomo, maji, mafuta, mahema, vyote. Halafu upange mzigo, maana ajali nyingi zinaanzia hapa jamani. Vizito viweke chini, karibu na ekseli ila mbele yake kidogo, ili kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito ikalie ile boli ya chuma ya kuungia, yaani trela ya kilo 1,000 iikandamize kwa kilo 100 mpaka 150, mradi usipite kiwango kilichoandikwa kwa gari yako. Ukijaza nyuma trela inayumba, ukizidisha mbele pua ya gari inainuka, usukani unakuwa mwepesi na tairi za mbele hazishiki vizuri.

Kama gari umeiinua springi, boli nayo imepanda na trela itakuwa inatazama juu, kwahiyo weka mkono wa kuungia ulioshuka mpaka trela ilale sawa.

Cheni za usalama zipishanishe chini ya boli, ili trela ikichomoka shingo yake idakwe isichimbe barabara, ziachie nafasi ya kukata kona lakini zisiburuze. Mtu asimame nyuma aangalie taa na indiketa. Ukishatembea kilomita kama 50 simama, kagua nati za tairi, sogeza mkono karibu na habu (kitovu cha tairi), moja ikiwa na joto kuliko mwenzake basi beringi inakufa au breki inabana, usiendelee.

Ikianza kuyumba usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mafuta, toa mguu tu, shika usukani umenyooka, acha spidi ishuke yenyewe. Mteremkoni ingia gia ndogo ungali juu, njia ikiwa mbovu weka fowili ya lo, yaani ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi. Kwenye lami kavu itoe fowili kama gari yako haina difu ya katikati (inayoacha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti), vinginevyo gia na ekseli zinajikaza na zinaumia.

Kabla ya kuvuka mto acha habu zipoe, habu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi inayanyonya ndani mpaka kwenye beringi.

Na ukikwama tafadhali sana USIFUNGE kamba ya kujinasua kwenye boli ya trela!! Ikikatika inaruka kama risasi, inapita kioo, watu wamekufa hivyo. Funga kwenye ndoano za chesisi, watu wote wakae mbali. Trela iwekee kabari kwanza ndo uifungue, toa gari peke yake mpaka pagumu, kisha ivute kwa winchi taratibu.