Somo: Namna ya kumtafuta mzee wenu aliyefia vitani

Kaka yake bibi yangu alipanda meli Mombasa Februari 1944, na hakurudi. Nyumbani ilisemwa "alizama", basi. Ilinichukua miaka minne kulipata jina lake limechongwa Nairobi, na mitatu kati ya hiyo niliipoteza kwa makosa ambayo ninyi hamna haja ya kuyarudia.

Hatua ya 1: Jueni ni vita gani

Kaeni na wazee kabla hamjashika simu. Msiwaulize mwaka, waulizeni majina ya mahali. Mzee akitaja Taveta, Tanga, Rufiji au Mahiwa, hivyo ni vita vya Mjerumani, 1914 hadi 1918. Akitaja Bama (Myanmar ya leo), Habeshi, Madagaska au Seiloni (Sri Lanka ya leo), hivyo ni vita vya Hitla, 1939 hadi 1945.

Na akisema "alizama", sikilizeni vizuri zaidi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Kolombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu wapatao 1,300, na kundi kubwa mno kati yao lilikuwa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache tu. Nyumba nyingi za huku zilibakiwa na neno hilo moja.

Hatua ya 2: Jueni alikuwa nani jeshini

Askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alikuwa na namba. Tafuteni namba hiyo kuliko mnavyotafuta jina: kwenye barua ya zamani, kwenye karatasi ya malipo, kwenye medali. Medali za Waingereza za vita vya kwanza kwa kawaida zimechongwa namba na jina kwenye ukingo, herufi ndogo sana. Igeuzeni kwenye mwanga, msiisugue kwa majivu.

Kama alikuwa mpagazi, someni swali la kwanza huko chini. Kama alipigana upande wa Mjerumani, orodha ninayoieleza hapa haitawasaidia sana, maana ni ya upande wa Mwingereza.

Hatua ya 3: Ingieni kwenye orodha

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, ina orodha ya majina mtandaoni. Kutafuta ni bure. Mtu akiwaomba hela ya "kufungua jalada", mkimbieni.

Hapa ndipo nilipopotelea. Nilikuwa naandika jina la ukoo, nalo halimo. Kumbe kuruti alipoulizwa jina alitaja lake na la babake, na karani akaandika alivyosikia. Kwa hiyo jaribuni kila sikio: Hamisi, Hamis, Amisi, Juma, Jumaa, Chuma. Andikeni jina moja tu kwanza, kisha la baba peke yake, kisha ondoeni "bin". Wengine wameandikwa jina moja, bila lingine lolote. Mkiona majina ni mengi, punguzeni kwa kuchagua vita, kikosi na nchi aliyokumbukwa.

Hatua ya 4: Someni jibu mlilopewa

Jibu linaweza kuwa la aina mbili, na watu huchanganya. Likitaja kiwanja, mstari na namba, kuna kaburi. Likitaja ukuta au ubao, mwili haukupatikana au kaburi halijulikani, na lililopo ni jina. Mzee wetu yuko kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Hana kaburi, kwa sababu bahari haina kaburi. Kwenye ukumbusho huohuo yumo Sajini Nigel Leakey wa Keya, aliyeuawa Habeshi Mei 1941 na kupewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza.

Hatua ya 5: Nendeni

Nendeni asubuhi, jua likiwa bado chini. Mwanga wa pembeni huzifanya herufi zilizofifia zijitokeze zenyewe, na picha hutoka safi. Msipake chaki wala mkaa. Jiwe la kaburi husomwa kutoka juu: alama ya kikosi, namba, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa, alama ya dini. Chini kabisa mara nyingine kuna maneno ya familia. Mawe yanalingana, awe ofisa au kuruti, na hiyo ilikuwa kanuni ya Tume tangu mwanzo.

Sasa nendeni Dar es Salaam muone kanuni hiyo ilipoishia. Makaburi ya vita yaliyopo sasa yalitengenezwa mwaka 1968, barabara mpya ilipolazimu kuhamisha makaburi 660 ya vita vya kwanza kutoka Ocean Road. Wazungu walikuwa na alama, kila mmoja yake, wakahamishwa hivyohivyo. Waafrika, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa wamezikwa bila alama ya mtu mmojammoja, kwa hiyo wakazikwa upya kwa pamoja, na juu yao ukajengwa ukuta wa kumbukumbu. Nilisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya jiwe lolote. Mkifika, msiupite mkidhani ni uzio.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Babu wa baba yangu alichukuliwa Ukambani mwaka 1917 kubeba mizigo. Nimeandika jina lake kila namna, sipati kitu.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole. Huenda usimpate kabisa, na kosa si lako. Wapagazi wa upande wa Mwingereza walikuwa zaidi ya milioni 1. Hesabu ya serikali yenyewe inakaribia vifo 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Iliamuliwa wakumbukwe kwa sanamu, zile za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, bila majina. Aprili 2021 Tume ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Jaribu majalada ya wilaya yenu kwenye Nyaraka za Taifa Nairobi. Hata usipoliona jina lake, unaweza kukuta habari za watu waliochukuliwa pamoja naye. Na jina lake liandike wewe, pamoja na kijiji na mwaka, kabla anayelikumbuka hajaondoka.

Swali: Assalamu alaikum. Babu yetu yuko Bama, Taukkyan. Tunaweza kumleta azikwe nyumbani?

Jibu: Waalaikumu salaam. Hapana ndugu yangu. Tangu vita vya kwanza kanuni ni kwamba maiti hawarudishwi kwao, na wakubwa kwa wadogo wamekaa walikofia. Angalia kwanza kama ana kaburi pale Taukkyan au jina lake liko kwenye Ukumbusho wa Rangoon, ulio palepale na wenye majina karibu 27,000. Dua ya nyumbani inamfikia popote alipo.

Swali: Kaka, nimempata, lakini jina limekosewa herufi na tarehe si ile tunayoijua. Wanarekebisha?

Jibu: Wanarekebisha, dada, ukiwa na karatasi ya wakati ule. Barua ya jeshi kwa familia ina nguvu kuliko kiapo cha leo. Piga picha pande zote mbili, hata upande usio na maandishi, na ile yenyewe usimpe mtu.

Swali: Wetu alirudi hai kutoka Bama, akafa nyumbani 1946 kwa kidonda kilekile. Anahesabiwa?

Jibu: Anaweza. Kwa vita vya pili Tume inahesabu vifo hadi tarehe 31 Desemba 1947, na kwa vita vya kwanza hadi 31 Agosti 1921, mradi alikuwa bado jeshini au ithibitike alikufa kwa sababu ya utumishi ule. Kaburi lake liko wapi, shambani kwenu? Lipige picha, na uniandikie cheti chake cha kuruhusiwa jeshini kinasemaje.