Kumtembelea mama aliyejifungua: hatua za kuaminiwa

Somo hili ni la wauguzi wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mifano yangu ni ya Pwani.

1. Jitambulishe tangu kliniki ya wajawazito, na useme utakwenda lini. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24, tena kati ya saa 48 na 72, siku ya 7 hadi 14, kisha wiki ya sita. Ukiahidi Alhamisi, nenda Alhamisi. Ukikwama, piga simu.

2. Piga hodi, ngoja ukaribishwe, waamkie wakubwa. Ndani ya arobaini mwenye kauli mara nyingi ni bibi wa mtoto, si mama. Baba naye asiachwe barazani. Nauli ya hospitali huenda iko kwake.

3. Nawa mikono wakikuona, kisha omba kumshika mtoto. Ukimsifu, sema Mashaallah. Sifa tupu huwatia watu hofu ya kijicho.

4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Utakuta hirizi, wanja, kitovu kimepakwa majivu. Ukifoka juu ya vyote, safari ijayo utaambiwa mtoto amelala. Hirizi ya kiunoni isiyobana iache. Usilolegeza ni la kitovu, maana uchafu hapo huleta pepopunda. Lakini uliza kwanza kwa nini wamepaka. Wengine wanataka kidondoke upesi: wanaogopa kikiangukia uume, mtoto atakuja kukosa nguvu. Usicheke. Mwonyeshe mama kufunga nepi chini ya kitovu: uume umefunikwa, kitovu kinapata hewa na kukauka. Bibi karidhika, nawe umeridhika.

5. Zitaje dalili za hatari, kisha mama azirudie mwenyewe: kukataa kunyonya, degedege, joto jingi au mwili wa baridi, kupumua mbio, kitovu kutoa usaha, manjano viganjani na nyayoni. Mkubaliane nani atawapeleka usiku.

6. Uliyoyaona ndani yasifike kisimani.

Maswali

Bibi anasema maziwa ya kwanza ni machafu, yakamuliwe yamwagwe.
Usibishane naye mbele ya mkamwana. Mwambie yale ya njano mazito yamebeba kinga, na yanamsaidia mtoto kutoa choo cheusi cha mwanzo. Kisha mwombe yeye ndiye asimamie mtoto awekwe titini. Akipewa kazi huwa mlinzi mkali kuliko wewe.

Mama hasemi kitu mama mkwe akiwepo.
Omba kumpima presha na kumkagua chumbani. Hiyo ni kazi yako halali, hakuna atakayenuna. Muulize huko kuhusu damu, usingizi na kama analia bila sababu.

Mimi ni muuguzi mwanaume. Nifanyeje?
Fuatana na mhudumu mwanamke wa mtaa huohuo. Wewe mwangalie mtoto na uzungumze na baba. Ukaguzi wa mama mwachie muuguzi wa kike.