Somo: Kuunganisha kompyuta za wapangaji wa nyumba moja

Watu wanaoishi pamoja katika nyumba ya kupanga kwa kawaida huanza kwa kuchangishana fedha za intaneti, na ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ikishawashwa hudhani kazi imekwisha. Somo hili linageuza mpangilio huo, kwa sababu mtandao wa nyumba na intaneti ni vitu viwili: kompyuta, simu na printa zilizounganishwa kwenye ruta moja zinaweza kupeana mafaili na kuchapa hata kama kifurushi kimekwisha na hakuna aliye tayari kununua kingine kabla ya mshahara. Anayemtumia mwenzake wa chumba cha pili video ya gigabaiti 4 kwa njia ya intaneti huipakia, mwenzake akaipakua, na gigabaiti 8 za bando la wote huteketea ili faili livuke ukuta mmoja. Faili hilohilo likipita kwenye waya wa ndani wenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane) hufika kabla dakika haijatimia, bila kugusa bando.

Mfano nitakaoutumia ni nyumba ya vyumba vinne yenye kuta za tofali za saruji na sebule katikati, ya aina iliyojaa Sinza na Ubungo jijini Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: makubaliano. Kubalianeni nani atalipia nini, na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta wapewe watu wawili, si mmoja, kwani akisafiri aliye nalo peke yake nyumba nzima hukwama.

Hatua ya pili: mahali pa ruta. Iwekeni sebuleni, juu ya kabati, mbali na friji na mlango wa chuma. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi lakini kwa kasi ndogo, na ya gigahezi 5, ambayo yana kasi kubwa lakini hudhoofika haraka yakikutana na ukuta wa saruji. Katika nyumba yetu ya mfano, aliye sebuleni atumie ya 5, na wa chumba cha mwisho atumie ya 2.4 au avutiwe waya. Nyumba zikiwa zimebanana na kila jirani ana ruta yake, chagueni chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11 kwa mawimbi ya 2.4, kwani hizo tatu haziingiliani.

Hatua ya tatu: waya. Hapa ndipo ninapowasihi msibane matumizi. Kompyuta itakayohifadhi mafaili ya wote na kompyuta za mezani zote ziunganishwe kwa waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6, ambao hufaa hadi mita 100. Waya huu huuzwa kwa mita, na ule wa bei ya kutupwa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika ikikunjwa mara kadhaa. Kabla ya kulipa, kwangueni uzi mmoja kwa wembe: ukiona rangi ya fedha ndani, urudisheni.

Kubana kichwa cha waya, yaani plagi yake ya plastiki, hakuhitaji fundi, bali koleo la kubania na subira. Menyeni ganda la nje kiasi cha sentimita 2, nyoosheni nyuzi nane, kisha zipangeni kutoka kushoto kwenda kulia, kishikizo cha kichwa kikiwa chini na tundu la kuingizia nyuzi likiwa upande wenu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikateni zilingane, kisha zisukumeni mpaka ncha zote nane zionekane mbele ya kichwa. Ganda la nje nalo ni lazima liingie ndani ya kichwa ili lishikwe na kibano. Likibaki nje, nyuzi hubeba mvuto wote na mawasiliano huanza kupatikana na kupotea kila mtu anapopita na ufagio. Upande wa pili mpangilio ni huohuo. Matundu ya ruta yasipotosha, ongezeni swichi ndogo ya mtandao, kifaa cha kuongeza matundu ya waya, yenye matundu matano au manane.

Hatua ya nne: mipangilio ya ruta. Fungueni kivinjari na mwandike anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Badilisheni neno la siri la kiwandani, chagueni ulinzi wa Wi-Fi wa WPA3 au angalau WPA2, na zimeni WPS, yaani njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au namba fupi. Kisha ihifadhieni printa na kompyuta ya mafaili anwani ya kudumu katika orodha ya DHCP, yaani utaratibu wa ruta wa kuvigawia vifaa anwani, kwa sababu anwani ikibadilika printa huonekana kama imezimwa, na watu huanza kulaumiana bure.

Hatua ya tano: folda ya pamoja. Kwenye kompyuta ya mafaili, kama inatumia Windows, tambulisheni mtandao huo kuwa ni binafsi, si wa umma. Tengenezeni folda moja, tuseme Pamoja, na ndani yake folda mbili: moja ambayo kila mtu anaweza kuweka na kufuta, na nyingine ya kusoma tu. Msishiriki diski nzima kamwe. Kila mpangaji apewe akaunti yake, kisha aifikie folda kwa kuandika \\192.168.1.20\Pamoja, kama hiyo ndiyo anwani mliyohifadhi. Toleo la kwanza la SMB, yaani lugha ambayo Windows hutumia kushiriki mafaili, libaki limezimwa, hata kama kifaa fulani cha zamani kinalidai. Ndilo mlango ambao kirusi cha WannaCry kiliutumia Mei 2017.

Maswali na majibu

Swali: Ndugu mwalimu, sisi tuna ruta mbili, na ya pili tumeiweka vyumba vya nyuma. Intaneti inafika kote, lakini kompyuta za nyuma hazioni printa ya mbele. Kosa liko wapi?

Jibu: Bila shaka waya mmeuchomeka kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta ya pili, nayo imejitengenezea mtandao wake. Kama ruta ya kwanza ni 192.168.1.1, ipeni ya pili anwani 192.168.1.2, zimeni DHCP yake, kisha hamishieni waya kwenye tundu la kawaida la LAN (la mtandao wa ndani). Fuateni mpangilio huohuo, kwani mkihamisha waya kwanza kutakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani kwa wakati mmoja.

Swali: Shikamoo mwalimu. Simu yangu inapata intaneti vizuri, ila folda haionekani kabisa.

Jibu: Marahaba. Tazama kama umeingia kwenye mtandao wa wageni, ambao kwa makusudi huzuia vifaa kuonana. Kama sivyo, hakiki hatua ya tano, kwani Windows ikidhani iko kwenye mtandao wa umma hujificha.

Swali: Tunalipia megabiti 20 kwa sekunde, lakini kupakua hakuzidi megabaiti 2.5. Je, tunaibiwa?

Jibu: Hapana. Baiti moja ni biti nane, na 20 ukigawa kwa 8 unapata 2.5. Mmoja wenu akipakua kwa kasi hiyo, wengine hawabakiwi na kitu; wekeni kikomo kwa kila kifaa kama ruta inaruhusu.

Swali: Umeme ukikatika, tunaweza kuiacha ruta ikiendelea?

Jibu: Ndiyo, kwa betri ndogo za ruta. Someni kwanza adapta: kama imeandikwa volti 12, betri nayo itoe 12, kwa kuwa kuna ruta za volti 9 na mkikosea mnaweza kuiunguza.

Swali: Je, mwenye neno la siri la ruta anaweza kusoma ninachoandika?

Jibu: Kwenye tovuti zinazoanza na https hawezi kusoma maandishi wala neno lako la siri, lakini anaweza kuona majina ya tovuti ulizofungua, na baadhi ya ruta huyaweka kwenye kumbukumbu. Kama hilo linakusumbua, liongezeni katika makubaliano ya hatua ya kwanza, na kumbukumbu hiyo izimwe mbele ya wote.